Vibao vya plaiwudi vya kutafutia mapagale: navofanya mimi hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kununua mapagale, yaani nyumba zilizoachwa bila kuisha, huku pembezoni mwa Dar, Goba, Madale, Kinyerezi, Kibamba mpaka Chanika, namalizia ujenzi afu napangisha au nauza. Yale mazuri karibu yote hayakutoka kwa dalali wala mtandaoni, yametoka kwenye vibao vya plaiwudi nilivyopaka rangi mwenyewe. Mtu alieishia kwenye lenta miaka sita iliyopita hela ikakata, huyo bado hajaamua kuuza, kwahiyo hajamwambia dalali na hajaposti popote, ila kila Jumamosi anapanda bodaboda kwenda kuangalia kama tofali zake bado zipo. Huyo ndo namtafuta, na kibao kinamkuta njiani akiwa na stresi zake.

Hatua ya 1, laini

Nunua laini mpya na kitochi cha bei rahisi, usiweke namba yako ya kila siku maana utapigiwa saa sita usiku na mtu anaeuliza kama unakopesha. Chagua namba inayosomeka kirahisi, yenye tarakimu zinazojirudia, mtu aliepo kwenye bajaji hana muda wa kuandika.

Hatua ya 2, kukata na kupaka

Plaiwudi nyembamba ya futi 8 kwa 4. Mara ya kwanza nilikata futi mbili kwa mbili nikapata vipande nane nikajiona mjanja, kumbe namba ya simu tarakimu kumi haikai vizuri kwenye upana huo, mbili za mwisho zikabanana kama abiria wa daladala, moja nikaisoma mwenyewe nikakosea. Sasa hivi urefu nakata mara tatu na upana mara mbili, unapata vipande sita vya inchi 32 kwa 24, namba inakaa na nafasi inabaki.

Paka rangi ya mafuta ya njano pande zote mbili NA KINGO, narudia na kingo, plaiwudi inanyonya maji pembeni, mvua za masika zikiikuta hivohivo inafumuka kama mkate. Ikikauka kabisa ndo unaandika kwa nyeusi. Mi nilichonga stensili kwenye picha za eksirei za zamani, nagonga rangi na kipande cha sponji ya godoro, siongezi tina nyingi maana itavuja chini ya stensili. Ukimaliza kisimamishe ukutani, rudi nyuma hatua thelathini. Kama namba huisomi kutoka pale, rudia.

Watu wananiambia si ukaprinti bango la flexi tu inapendeza. Nilijaribu. Flexi ikipendeza sana watu wanaona kampuni, na mtu akiona kampuni anataja bei ya kampuni, wengine wanaogopa hata kupiga. Cha mkono kinaonekana ni cha mtu kama yeye.

Hatua ya 3, maneno

Yangu yanasomeka hivi: NANUNUA PAGALE, HALI YOYOTE, afu namba. Basi. Usiweke jina la kampuni, usiweke bei, wala "karibuni wateja wetu wapendwa".

Hapa niliwahi kufanya ujinga ngoja niuseme. Batchi ya kwanza niliandika chini MADALALI HAPANA. Vibao kumi na nane, niliviweka Jumamosi, Jumatatu jioni vimebaki vitatu. Wale jamaa wa vijiweni ndo wenye mtaa ndugu yangu, wanajua kila njia, we unawatukana halafu unawaachia kibao chako wakilinde? Siku hizi sina neno hilo kabisa, na dalali akipiga namwambia vizuri tu, kaka leta mzigo, ukiwa wa kweli chako kipo. Vibao vinakaa mpaka jua linavifubaza.

Kwenye kona ya chini naandika herufi ndogo na namba, K1, K2, M5 na kuendelea, ntakwambia kazi yake baadae.

Hatua ya 4, wapi pa kuweka na wapi usiguse

Nguzo za umeme achana nazo, sio zako. Miti ya barabarani na alama za barabarani pia. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ndivyo ilivyo toka Sheria ya Barabara ya 2007, na humo ndani kibao chako kitang'olewa bila hodi. Kama unabisha waulize watu wa Kimara mpaka Kiluvya walioona nyumba nzima zikienda 2017, sembuse plaiwudi. Pia pita manispaa uulizie kibali na ushuru wa mabango kabla hujatundika, ukijua mapema unapanga bajeti, ukikamatwa ndo unalipa kwa hasira.

Mi naweka kwenye sehemu za watu, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Na sikimbilii lami kubwa, pale magari yanapita mbio hakuna anaesoma. Sehemu zangu ni hizi: pale lami inapoishia na vumbi linaanza (kila gari linapunguza mwendo), kwenye hadiwea za mitaani, kwa wafyatua tofali, kwenye gereji bubu, kwa mama ntilie karibu na kituo cha bodaboda. Kwa mfyatua tofali ndo dhahabu, maana mteja wake alieacha kununua tofali anamjua kwa jina na anajua kwanini kaacha. Namuomba mwenye eneo kwa adabu, shikamoo mzee, naomba nitundike kakibao hapa, namwachia hela ya soda na namba yangu. Akikataa naaga naondoka.

Kimoja changu kipo uzio mmoja na cha mganga wa nyota na mvuto wa biashara. Kinapigiwa kuliko vyote. Sijui niseme nini.

Hatua ya 5, siku ya kutundika

Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri, wenye mapagale wanaenda saiti wikiendi. Kama ni cha kusimama, mbao ya mbili kwa mbili na misumari, cha kwenye uzio waya wa bandingi unatosha, toboa matundu manne. Piga picha kila kimoja kilipo, usipofanya hivyo baada ya mwezi hutakumbuka. Na Januari usikae bila vibao, ada za shule zinafanya watu wafikirie upya lile pagale.

Hatua ya 6, simu

Hapa ndo wengi wanakufa. Wanatundika vibao thelathini afu hawapokei simu. Mtu anaetaka kuuza anapata ujasiri mara moja, anapiga, ukikosa anaghairi. Wengine wana aibu, wanabip tu. Kila bip naipigia, hata kama nakula.

Batchi moja ilinipa simu kama arobaini ndani ya wiki mbili. Nusu madalali, wengine wanataka kazi, mmoja aliuliza kama nanunua na magari mabovu. Waliokuwa na pagale la kweli hawakuzidi sita, nilienda kuona manne, nikanunua moja. Moja linatosha kulipa vibao vya miaka.

Naanza na salamu, sikimbilii bei. Afu kwa utaratibu: ni mtaa gani, limefika hatua gani, msingi, lenta au limepauliwa, una karatasi gani, hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, jina lililoandikwa ni la nani, na nyumbani wanajua? Hilo la mwisho naliuliza kwa upole lakini siliruki. Mwisho kabisa, kibao umekiona wapi, kona ya chini kimeandikwa nini? Hiyo ndo kazi ya K1 na M5. Naandika kwenye daftari, kibao kisicholeta simu miezi miwili nakihamisha.

Hatua ya 7, kabla hujatoa hata mia

Nenda mwenyewe, mchana, na siku nyingine wakati wa mvua, ndo utajua kama pagale lipo kwenye mkondo wa maji. Ndani ya mita 60 kutoka mtoni sinunui hata kwa bei ya bure. Angalia alama ya X nyekundu ya kubomolewa, angalia nyaya kubwa za umeme juu. Ongea na majirani wa pande zote, afu serikali ya mtaa, kama eneo limepimwa nenda ofisi ya ardhi ukafanye uchunguzi wa umiliki. Marehemu akiwa ndo mwenye jina, nataka kuona barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, sio picha ya familia. Mwenye ndoa, mwenza wake asaini mbele ya wakili na mimi nikiwepo.

Na ukikuta ukutani pameandikwa kwa rangi HAIUZWI, we geuza bodaboda. Kuna ndugu wawili wanagombana hapo na hela yako itakaa katikati.

Kitu kingine, usiifungie ile laini hata ukipumzika biashara, iweke vocha. Mwezi uliopita kanipigia mama mmoja wa Msakuzi, nikamuuliza mama umekiona wapi kibao, akasema mwanangu ni mlango wa banda la kuku la jirani, kimeandikwa K7. K7 kiliibiwa mwaka juzi. Jumamosi naenda kuliona pagale lake.