Koili ikikataa kuachia ndani ya kichwa: fanya hivi

Hii ni ya wenzangu wa katheta labu, masista, watu wa eksirei na madaktari wanaojifunza, hapa Kisumu mpaka Nakuru. Naongelea ile kazi ya kupitisha katheta, ule mrija mwembamba, kwa kinena hadi ubongoni, kuziba mshipa uliovimba kwa koili za platinamu, zile nyuzi za kujikunja zinazosukumwa na waya kisha zinaachiliwa humo. Vifaa vitagoma tu, na ninachoogopa zaidi si kifaa, ni mkono wenye haraka.

1. Kabla mgonjwa aingie. Uliza fundi wa stima yupesi (UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea) inabeba nini. Zingine zinabeba kompyuta pekee, so stima ikipotea huoni picha, na jenereta ikishika bado unangoja mashine iwake upya. Na mvua za radi za jioni huku kwetu mnazijua. Boksi mbili za kuachilia koili ziwe tayari, na sneya (kitanzi cha waya cha kunasa koili iliyopotea) iwe chumbani, sio stoo ambayo mwenye funguo ameenda lanchi.

2. Kitu kikigoma, mwenye ameona aseme "simama" kwa sauti, hata kama ni mwanafunzi. Mikono itulie, wa nusukaputi aambiwe. Halafu cheki dripu za heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mfuko wa presha ukae 300 mmHg, ikishuka damu inarudi kwa katheta inaganda, na hapo umeongeza shida ya pili.

3. Koili haiachi. Usikimbilie betri! Anza na skrini. Katheta ndogo ina alama mbili, ya nyuma iko sentimita 3 kutoka nchani, na alama ya waya wa kusukuma inafaa ifike pale kwa ile ya nyuma, mara nyingi zinachora kama T. Kama haijafika, mahali pa kukatikia bado pako ndani ya katheta, utabonyeza mpaka kesho. Kama iko sawa na koili ni ya umeme, panguza damu na dawa ya picha kwa waya pale kebo inashikia, kausha, jaribu tena, kisha kebo ingine, kisha boksi ingine. Imekataa kabisa? Irudishe polepole macho yakiwa kwa skrini. Ukiona unavuta waya na huko ndani koili haisogei, inanyooka hiyo, ACHA kuvuta. Sasa ni sneya ama stenti (neti ndogo ya chuma) ya kuibana kwa ukuta wa mshipa, na anayeamua ni daktari mkubwa, sio wewe na mimi.

4. Mshipa ukitoboka, katheta isitolewe, maana ndiyo njia ya kuziba hilo tundu. Protamini, ya kuzima heparini, miligramu 1 kwa kila uniti 100 za heparini iliyo mwilini, presha ya damu ishushwe, koili ziendelee.

5. Ikiisha, kilichoharibika usitupe. Kiweke kwa mfuko na pakiti yake yenye namba ya loti, ripoti kwa PPB (Bodi ya Famasia na Sumu). Boksi iliyogoma ibandikwe karatasi, isirudi shelfu, ju usiku wa emajensi hakuna mtu atakumbuka mbovu ni gani.