Vile ya kutembelea makaburi ya zamani mjini kwenu na kusoma mawe yake

Mimi ni mtu wa Kisumu, nimezaliwa hapa nikasomea hapa, na miaka yote hiyo nilikuwa napita makaburi ya zamani ya mjini bila hata kugeuza shingo. Wapolandi ndio walinigeuza. Nilivuka Busia nikaenda mpaka Koja, upande wa Mukono kule Uganda, na ziwa la huko ni hili hili letu, maji ni yale yale, na huko wamelala watu wa Poland tangu vita ya pili ya dunia. Walitolewa kwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941 wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, 1942 wakaondoka wakapitia Iran, alafu maelfu yao, wengi wakiwa kina mama na watoto kwa sababu wanaume walikuwa jeshini, wakaletwa huku Afrika Mashariki, wakawekwa kwa kambi kama Koja na Masindi kule Uganda na Tengeru karibu na Arusha. Vita ikaisha, walio hai wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Waliokufa wako hapo bado.

Niliporudi nikajiuliza, na hawa wa kwetu ni kina nani? Huku magharibi si unajua mtu akifa anarudishwa dala, yaani nyumbani kwao kijijini, hata kama alikuwa anaishi Nairobi miaka arobaini. Kwa hivyo mtu aliyelala kwa makaburi ya mjini, hasa ile sehemu ya zamani, mara nyingi ni mtu ambaye kwao kulikuwa mbali sana. Ukishaingia na hilo kichwani utatembea pole pole bila kuambiwa.

Kwanza omba ruhusa. Makaburi mengine ni ya kaunti, mengine ni ya kanisa ama msikiti, na hata kama geti liko wazi tafuta mlinzi ama yule mzee anayefyeka, msalimie vizuri, mwite jaduong', ni mzee kwa Kijaluo, mwambie unataka kusoma mawe na kupiga picha kidogo. Usikimbilie kumpea pesa, ongea naye kwanza. Yule mzee anajua mahali maji hutuama, mti wenye nyuki, na ni familia gani huwa inakuja kila mwaka, na hayo hutayapata kwa simu. Ukikuta watu wanazika siku hiyo rudi nyumbani, utakuja siku ingine.

Nenda saa moja na nusu asubuhi ama kuanzia saa kumi jioni. Sababu moja ni jua la Kisumu, lakini ile kubwa ni kwamba jua likiwa chini linapiga jiwe kwa upande, na herufi zilizofutika zinatoa kivuli zinasomeka, saa sita mchana jiwe hilo hilo utaliona kama ubao mtupu. Kama jiwe liko kwa kivuli cha mti beba kioo kidogo, lirushie mwanga kutoka upande. Vaa gambuti ama viatu vilivyofunika mguu, na shika fimbo upige nyasi mbele yako, nyoka wengi wakisikia huondoka. Usiende peke yako. Maji ya kunywa, daftari na kalamu, kwa sababu simu huisha chaji.

Mzunguko wa kwanza usipige picha hata moja. Tembea tu uone vile mahali pamegawanywa, Wakatoliki wapi, Waprotestanti wapi, Waislamu wapi, maana Waislamu wanalazwa wakielekea Kibla na hapa Kenya Kibla iko kaskazini. Utaona majina ya Kigoa, watu wa Goa kule India, kama Fernandes na D'Souza, reli ilifika hapa mwaka 1901 wakati Kisumu ikiitwa Port Florence na ilileta watu wa kila aina. Hesabu miaka pia, ukiona mawe kadhaa ya watoto ya mwaka mmoja simama hapo kidogo, ujiulize mwaka huo kulikuwa na nini.

Sasa kuhusu kusafisha, hapa nakusihi sana. Usitumie Jik, usitumie brashi ya waya, usipake chaki wala unga ndio herufi zionekane. Jiwe la zamani ni laini kuliko unavyofikiria, ukisugua leo unaondoa jina ambalo limekaa miaka mia. Maji safi peke yake na brashi laini, na kama jiwe linamung'unyika usiliguse kabisa. Jiwe limeanguka? Liache, ni zito na linaweza kukuvunja mguu, mwambie mlinzi.

Picha piga tatu kwa kila kaburi, moja ya kaburi lote, moja ya maandishi karibu, na moja ya mstari wote na mti ama ukuta ambao utakusaidia kupata pale tena. Alafu andika maneno kwa daftari vile yalivyo, hata makosa, usirekebishe.

Ukifika Koja, Masindi ama Tengeru, Kipolandi kisikutishe, maneno ni machache na yanarudiarudia. Ś.P. juu ya jina ni kama sisi tunavyosema marehemu. Ur. ni alizaliwa, zm. ni alikufa, na żył lat ama żyła lat inakupa umri, ya kwanza ni ya mwanaume ya pili ni ya mwanamke. Jina likiisha na -ski ni mwanaume, -ska ni mwanamke, kwa hivyo mtu na dadake utawaona na majina tofauti kidogo, usidhani ni familia mbili. Z domu ni jina la kwao kabla aolewe. Mwezi wanauandika mara nyingi kwa namba za Kirumi, 12 VIII 1944 ni Agosti. Ukishajua hizo unasoma kaburi zima, mimi nilisimama pale nikaweza kutamka jina la mtu na umri wake na koo likanikaba.

Mawe ya wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake yanatunzwa na Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na kwa tovuti yao unaweza kutafuta makaburi kwa jina, Kisumu Cemetery iko na Nakuru North Cemetery iko. Lakini usimalizie hapo, kwa sababu wale mababu zetu waliobeba mizigo vita ya kwanza, hawa wa Kariakor, wengi hutawaona kwa jiwe lolote. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba angalau watu 116,000 wa vita hiyo, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Ukimaliza kusoma waliopewa mawe, ulizia wazee wa kwenu nani alienda na hakurudi, na uandike hilo jina kwa daftari hilo hilo.

Ukirudi nyumbani na majina, tafuta kwa Kenya Gazette za zamani, ziko kwa intaneti, matangazo ya mirathi yanataja marehemu, na mara nyingine kazi yake na mahali alifia. Rejista za mazishi za kanisa uliza kwa upole, karani anaweza kukwambia urudi mara mbili.

Na kama unaweza chagua siku, Novemba 1 ni siku ambayo Wapolandi wanawasha mishumaa makaburini kwao nchi nzima. Mimi huwasha mmoja hapa Kisumu kwa kaburi ambalo halina mtu wa kulitembelea. Uweke ndani ya glasi ndefu kwa sababu upepo wa ziwa jioni hauchezi, ng'oa nyasi kavu pembeni kwanza, na ukae hapo mpaka uzime, usiuache ukiwaka.