Mbwa wako yuko Dar, wewe uko mbali: namna ya kumtunza toka utotoni hadi uzeeni

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni, tuliojenga Goba, Madale au Kigamboni, tumeacha mbwa nyumbani. Alinunuliwa kwa ajili ya ulinzi, akakabidhiwa mlinzi au mdogo wetu, na kila mwezi tunatuma hela ya chakula chake pamoja na ya umeme. Hela hiyo, hata iwe nyingi, haitoshi. Mbwa anahitaji mtu mmoja anayemjua vizuri na daktari mmoja anayetunza kumbukumbu zake. Panga hayo mawili kwanza.

Msimamizi awe anayempenda mbwa. Kwenye familia zetu kuna wanaojitenga na mate ya mbwa kwa sababu ya dini, na wapo wanaomwogopa tu. Usimlazimishe shangazi. Mlipe kijana wa jirani posho yake, wote wajue hiyo ni kazi yake. Daktari wa mifugo awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania na awe tayari kufika nyumbani. Mlipe wewe mwenyewe kwa simu, naye akutumie picha ya kadi ya chanjo kila baada ya sindano. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini hachukui nafasi ya daktari.

Utotoni ndipo wengi hupotea. Ugonjwa wa virusi uitwao parvo unaweza kuua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache tu: anatapika, anaharisha damu, anaishiwa maji mwilini. Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine hatari wa virusi, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kabla hajakamilisha, asikutanishwe na mbwa wanaozurura mtaani. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe umri wa miezi 3, kila mwezi mpaka afikishe miezi 6, halafu kila baada ya miezi 3.

Ugali mtupu haumkuzi. Uchanganywe na dagaa, mayai au utumbo uliochemshwa ukaiva kabisa, mara 3 au 4 kwa siku akiwa mdogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitiwe kwenye bakuli lake, maana hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Vitunguu, zabibu na zile chokoleti tunazobeba Desemba ni sumu kwake.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 mbwa anajifunza nani ni rafiki. Ashikwe na watu tofauti, aone watoto, azoee mlio wa bodaboda. Tunadhani ukimfungia bandani toka mdogo atakuwa mkali. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa jirani. Akishang'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama kadi ya chanjo imejaa. Bandika maelekezo hayo getini.

Akiwa mkubwa, adui wake mkubwa ni kupe. Joto na unyevu wa Dar vinawafaa mwaka mzima, na wanajificha kwenye nyufa za ukuta wa banda, kwa hiyo kumwogesha mbwa bila kupulizia banda ni kazi bure. Wanaleta erlikia na babesia, magonjwa yanayoshambulia damu. Mkiwa kwenye simu ya video, mwombe msimamizi anyanyue mdomo wa juu wa mbwa na abonyeze ufizi kwa kidole. Ufizi utageuka mweupe, na rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana ufizi mweusi. Kwao avute kope la chini mtazame ndani. Ukiona pamepauka, au mkojo una rangi ya chai ya rangi, au damu inatoka puani, daktari aitwe siku hiyohiyo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikichanganywa kwa kukisia inaweza kumuua. Vivyo hivyo Panadol na ibuprofeni: asipewe dawa ya maumivu ya binadamu bila kauli ya daktari. Na banda la bati lisilo na kivuli, Desemba hadi Machi, ni mateso.

Jike huingia joto kama mara 2 kwa mwaka, na mimba hukaa takriban siku 63. Kama hutaki watoto, atolewe kizazi. Akizeeka nacho, kizazi kinaweza kujaa usaha wiki chache baada ya joto: anakunywa maji kupita kiasi, anazubaa, anakataa chakula. Hiyo ni dharura.

Ukitaka kumhamishia Umoja wa Ulaya, aanze na chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, ndipo achanjwe kichaa. Baada ya siku zisizopungua 30, apimwe damu kuona kama chanjo hiyo imempa kinga, kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja huo, kisha isubiriwe miezi 3 tangu damu ilipochukuliwa. Usikate tiketi yake kabla.

Kuanzia miaka 7, na mapema zaidi kwa mbwa wenye maumbo makubwa, daktari amwone mara 2 kwa mwaka: meno, figo, macho, viungo. Alale juu ya godoro kuukuu, asilale kwenye saruji. Zamu ya usiku apewe mbwa mwenzake aliye kijana, yeye abaki kufuatana na watu uani. Na mkubaliane mapema, wewe, msimamizi na daktari: akifika pasipo na tiba nani ataamua, nani atalipa, atazikwa wapi. Daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano bila maumivu. Sumu ya panya na kwenda kumtupa barabarani ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama. Makubaliano hayo yaandikwe, yakae kwenye simu za wote watatu, ili msimamizi asiachiwe uamuzi huo peke yake siku usipopatikana.