Jinsi ya Kuzuia Bafa Isifurike katika Programu za C

Bafa ni eneo la kumbukumbu lenye ukubwa maalumu la kuhifadhia data. Bafa ya baiti 64 ikipewa baiti 200, C haikatai. Baiti zinazozidi huandikwa juu ya kumbukumbu iliyo jirani, na kwenye steki (kumbukumbu ya funksheni zinazoendeshwa) jirani huyo anaweza kuwa anwani ya kurejea ya funksheni, yaani mahali programu itakapoendelea funksheni ikimaliza. Anayeweza kuibadilisha anwani hiyo ndiye anayeamua programu iende wapi. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, ulipenya hivyo, kupitia gets (funksheni inayosoma ingizo bila kikomo) iliyokuwa ndani ya fingerd, programu ya seva ya Unix.

Hatua ya 1. Saka gets, strcpy, strcat, sprintf, na scanf yenye %s isiyo na kikomo. gets ifute bila mjadala; C11, kiwango cha C cha 2011, imeshaiondoa.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Funksheni inayopokea bafa ipokee na ukubwa wake. Badala ya strcpy(jina, ingizo), andika:

int n = snprintf(jina, sizeof jina, "%s", ingizo);
if (n < 0 || (size_t)n >= sizeof jina) return -1;

Wengi huuacha mstari wa pili. snprintf hurudisha urefu uliohitajika, hata kama haukuenea, kwa hiyo usipoukagua utaendelea na data iliyokatwa. Hakikisha pia jina ni safu kweli. Likiwa pointa, sizeof itakupa ukubwa wa pointa yenyewe, kwa kawaida baiti 8 kwenye mashine za biti 64. strncpy siipendekezi hata kidogo: ingizo likijaza bafa, haiweki sifuri ya kumalizia, ile inayoonyesha mwisho wa maandishi. Na kabla ya malloc(idadi * ukubwa), kataa idadi iliyozidi SIZE_MAX / ukubwa, la sivyo hesabu itapita kikomo, izunguke kuanzia sifuri, na utapewa bafa ndogo kuliko unayodhani.

Hatua ya 3. Kompaili kwa -fsanitize=address -g, inayoongeza ukaguzi wa kumbukumbu, kisha ilishe programu data ndefu, tupu na iliyoharibika. Ikivuka mpaka wa bafa, itasimama na kukuonyesha mstari wenye kosa. Hii ni ya majaribio tu, usiwapelekee watumiaji.

Hatua ya 4. Toleo la watumiaji, kwa GCC kwenye Linux:

-O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2 -fstack-protector-strong -fPIE -pie -Wl,-z,relro,-z,now

Bila -O, FORTIFY, inayokagua ukubwa wa bafa kwenye funksheni kama strcpy, haifanyi kazi. Kinga ya steki (-fstack-protector-strong) nayo huua programu ikigundua uharibifu, na mtumiaji hubaki bila huduma, ndiyo maana haichukui nafasi ya hatua ya 2. Ukimaliza, endesha readelf -h: aina ya faili isome DYN, yaani programu inaweza kupakiwa kwenye anwani yoyote. Ikisoma EXEC, -pie haikufika kwenye kiunganishi (linker), kagua Makefile, faili yenye maagizo ya kukompaili.