Gonga vigae kabla ya kummalizia fundi hela

Ukimpa fundi kazi ya vigae vya sakafuni, patana naye tangu siku ya kwanza kwamba hela ya mwisho inatoka baada ya kugonga, siyo baada ya kuangalia. Abandike, saruji ikae angalau siku nzima, kisha kabla hajajaza grauti, ule uji wa kuziba nafasi kati ya vigae, piteni wote wawili na sarafu ya shilingi 200, mkigonga kila kigae katikati na kwenye kona zote nne. Kilichoshika kinatoa mlio mzito, mfupi. Chenye uwazi chini kinalia kama kopo tupu. Hicho kipigeni alama ya chaki, maana ndicho kitakachopasuka siku mtu akiangusha kinu. Kukibandua sasa ni kazi ndogo. Grauti ikishaingia ni ugomvi.

Uzuri wake, hakuna wa kusema “mama wewe hujui kazi” wala “fundi umenipiga”, kwa sababu masikio yote manne yamesikia mlio uleule. Na mlio ukiwa safi, lipa palepale. Ukianza zile za “pitia Jumamosi”, usishangae fundi anayefuata akitaka zote mkononi kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Kwenye ukuta wa jipsamu usijisumbue, huko kila kigae kinalia kama kopo, hata kilichoshika. Uwazi mdogo wa katikati ya kigae nao usiwe sababu ya kumkata mtu hela. Kona ndizo za kuogopa. Kama hela yote ulishaitoa, sarafu haitakusaidia kitu.