Kabla Mdadisi Hajapiga Hodi: Mambo ya Kuzingatia Ukichaguliwa Kueleza Huduma ya Afya Uliyoipata

Muulize mama anayetoka chumba cha daktari huduma ilikuwaje, atakwambia, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, dawa mbili kati ya tatu alizoandikiwa ameambiwa akanunue nje, na mpaka anafunga kanga kumbeba mtoto hajui mtoto anaumwa nini. Hajadanganya. Amejibu swali kama anavyojibu salamu, nasi tumelelewa kusema "nzuri" kwanza, mengine baadaye. Ila mdadisi wa takwimu hana muda wa kusubiri hayo mengine. Anabonyeza "ameridhika" kwenye kishikwambi chake na kwenda swali linalofuata, na saa nne za benchi zimepotea hapo hapo. Kwa hiyo ukisikia kaya yako au kituo unachotibiwa kimechaguliwa kwenye utafiti wa afya, kazi yako kubwa kabla ya siku hiyo ni kukumbuka mambo yalivyotokea, moja baada ya jingine, kabla adabu haijayafunika.

Kwa Tanzania utafiti wa namna hii humfikia mwananchi kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyumbani. Ule wa idadi ya watu na afya, unaojulikana kwa kifupi cha TDHS, ambao wadadisi wake huhoji kaya kwa kaya, umekuwa ukifanyika tangu 1991/92, na wa karibuni ulikuwa wa 2022, ukiendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar kwa kushirikiana na wizara za afya za pande zote mbili. Njia ya pili ni kituoni penyewe. Utafiti wa utoaji wa huduma, TSPA, uliofanyika 2006 na tena 2014/15, hupeleka wadadisi hospitalini, kwenye vituo vya afya na zahanati. Hukagua dawa na vifaa, huwahoji watumishi, kisha humsubiri mgonjwa akishamaliza kuhudumiwa wamuulize kabla hajaondoka.

Jambo la kwanza watu wanalouliza ni "kwa nini mimi?" Hakuna aliyekutaja. Huchaguliwa kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha ndani ya kila eneo zinaorodheshwa kaya na kuteuliwa chache kwa bahati nasibu. Ukiteuliwa, jirani hawezi kuchukua nafasi yako hata kama yeye ana muda na wewe huna, kwa sababu kubadilishana kungeleta watu wanaopatikana nyumbani mchana tu, na hao hawafanani na wanaoshinda shambani au sokoni. Mdadisi akikukosa atarudi, na tena. Mpe saa ambayo utakuwepo kweli, na weka hesabu ya nusu saa hadi saa nzima kwa mahojiano ya mtu mmoja, mbali na maswali ya awali kuhusu kaya.

Kuhusu matapeli, mdadisi halali huja na kitambulisho na barua, na kwa kawaida ofisi ya mtaa au kijiji ina taarifa zake kabla hajafika. Huku bara mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ndiye humwongoza hadi mlangoni, Zanzibar ni sheha. Hakutozi chochote, na hana haja hata kidogo na namba ya siri ya simu yako. Akiitaja hiyo, mahojiano yameisha.

Kiongozi akishamfikisha, aage. Hili nalisisitiza kwa sababu watu huona haya kumwambia mjumbe aondoke, wakamwekea kiti na kumletea maji, kisha mahojiano yanafanyika yeye akiwa amekaa. Nani atasema mbele ya mwenyekiti kwamba zahanati ya kijiji ilikuwa imefungwa? Vivyo hivyo mume, mama mkwe, wifi, na watoto wakubwa wenye masikio marefu. Katika TDHS mwanamke huhojiwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na maswali mengine, hasa ya ukatili wa majumbani, hayaulizwi kabisa kama hakuna faragha. Basi fikiria mapema mtakaa wapi. Nyumba za kupanga zenye ukumbi mmoja na wapangaji sita ni mtihani. Chini ya mwembe nyuma ya nyumba panaweza kufaa kuliko sebuleni, na mdadisi mwenye uzoefu hatashangaa ukimwambia mwende huko.

Sasa karatasi. Tafuta kadi ya kliniki ya kila mtoto mdogo, kadi yako ya ujauzito kama bado unayo, kadi ya bima kama umejiunga na mfuko wowote, na kidaftari kile ambacho daktari huandikia. Tarehe za chanjo hunakiliwa kutoka kwenye kadi. Bila kadi anabaki kutegemea kumbukumbu ya mama, na hakuna mama anayekumbuka chanjo ya wiki ya kumi ilichomwa tarehe ngapi. Kama kadi iko kwa bibi yake kijijini, sema hivyo, maana "ninayo lakini haipo hapa" si sawa na "sina". Usishangae pia kuombwa kuonyesha chandarua au mahali mnaponawia mikono. Hakuna haja ya kufua chandarua usiku ule. Anataka kujua kama kipo na nani alilala ndani yake.

Maswali yenyewe hutaka vitu vinavyohesabika, na hapo ndipo maandalizi yanapolipa. Ulianza kliniki mimba ikiwa ya miezi mingapi? Ulihudhuria mara ngapi? Ulijifungulia wapi, nani alikuhudumia, ulikaa muda gani kabla ya kuruhusiwa, na kuna aliyekupima afya yako wewe, si ya mtoto peke yake, kabla hujaondoka? Jibu la "nilijifungulia wapi" linaonekana dogo, lakini ndilo lililoonyesha kwamba uzazi wa kituoni ulipanda kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022. Kama mwaka umekupotea, ufunge kwenye jambo unalolikumbuka: kabla au baada ya Sensa ya Agosti 2022, kabla au baada ya Uchaguzi Mkuu, wakati wa mfungo, wakati wa mavuno. Mdadisi naye hutumia mbinu hiyo hiyo.

Hilo la "nani alikuhudumia" lina mtego wake. Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari na kila mwanamke mwenye sare ni nesi. Kwenye dodoso hao ni watu tofauti: daktari, tabibu, muuguzi mkunga, mhudumu wa afya. Ukijua cheo, kitaje. Usipojua, "sijui" ni jibu halali, na mimi nalipendelea kuliko kukisia, kwa kuwa ukimpandisha cheo mhudumu wa usafi aliyekupokea mtoto usiku, takwimu zitasema zahanati yenu ina mtaalamu.

Halafu pesa. Kwa sera, huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bure, na watu wakiulizwa kama walilipa hujibu haraka: hatukulipa. Lakini mipira ya mikono ilinunuliwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Pamba pia, na nyuzi. Bodaboda ya saa nane usiku alilipwa mara mbili ya nauli ya mchana. Kuna na ile iliyoitwa "ya chai." Dawa ilikuwa imekwisha dirishani, ikanunuliwa nje kwa bei ya nje. Kama utafiti unauliza gharama, msikilize vizuri anataka zipi: zilizolipwa kituoni tu, au zote za safari ile ya matibabu. Orodha ya vitu hivi iandike usiku mmoja kabla, mkiwa na mwenzako, maana mara nyingi aliyelipa si yule aliyelala wodini.

Anayehojiwa kituoni yuko kwenye hali ngumu zaidi, kwani hana usiku wa kujiandaa na muuguzi aliyemhudumia anaonekana kupitia dirisha. Maswali ya kituoni, unapotoka kuhudumiwa, huorodhesha mambo: muda wa kusubiri, nafasi ya kueleza tatizo lako, maelezo uliyopewa, faragha ya kutoonekana ukipimwa, faragha ya kutosikika ukizungumza, upatikanaji wa dawa, saa za kituo kufunguliwa, usafi, namna watumishi walivyokutendea, gharama. Kwa kila moja unasema kama lilikuwa tatizo kubwa, dogo, au halikuwa tatizo. Angalia jinsi faragha ilivyogawanywa. Pazia linaweza kukusitiri usionekane huku foleni nzima ikisikia ulikuja kwa ajili ya nini. Yajibu kila moja peke yake. Muuguzi anaweza kuwa mpole kabisa na dawa zisiwepo, na ukisema dawa hazikuwepo hujamsema yeye. Pengine yeye ndiye anayetamani zaidi jambo hilo lifike juu. Njia rahisi ya kujisaidia, hata siku usiyotarajia kuhojiwa, ni kuangalia saa ukifika na kuangalia tena ukiitwa.

Utaulizwa pia kama hiki ndicho kituo kilicho karibu na kwako, na kama sicho, kwa nini ulikipita. Hapa jibu la kweli mara nyingi ni la aibu kidogo: kule karibu kuna mtu anayenifahamu, au kule walinitukana nilipojifungua mtoto wa kwanza. Liseme. Ni moja ya majibu machache yanayoonyesha kwa nini jengo jipya linakaa bila wagonjwa.

Katika TSPA mdadisi anaweza kuomba aketi chumbani wakati mjamzito, mteja wa uzazi wa mpango au mtoto mgonjwa anahudumiwa. Anaomba, ukikataa, huduma yako inaendelea vilevile. Hata kwenye maswali ya nyumbani, tamko la ridhaa husomwa kwa sauti kabla ya kitu chochote, na unaweza kuruka swali au kusimamisha mahojiano. Lisikilize tamko hilo badala ya kuitikia "ndiyo, ndiyo, endelea". Ndimo mnamoelezwa jina lako litatunzwaje, na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamfunga mdadisi asitoe taarifa zako binafsi. Ridhaa ya kutobolewa kidole ni tofauti na ya kuhojiwa. Kama mtoto atapimwa malaria au upungufu wa damu, mzazi anaombwa ridhaa nyingine kwa ajili ya kipimo hicho na kupewa majibu papo hapo, kwa hiyo mzazi au mlezi mwenye mamlaka ya kukubali inabidi awepo nyumbani.

La mwisho ni la kupanga kabla hasira haijakupeleka pabaya. Mdadisi hapokei malalamiko. Ukimweleza kwamba ulidaiwa fedha ili upasuliwe, ataandika kile tu ambacho swali lake linauliza, na ripoti itatoka baada ya miezi mingi ikizungumzia mikoa na aina za vituo, bila kumtaja mtu yeyote wala zahanati yenu. Kesi ya mtu mmoja ina njia yake: mganga mfawidhi wa kituo, kamati ya usimamizi ya kituo ambamo wananchi wana wawakilishi, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na kwa rushwa, TAKUKURU kwa namba 113 isiyo na malipo. Huko watataka tarehe, saa, wodi na risiti kama ipo, yaani karatasi zile zile ulizokwisha kuzikusanya kwa ajili ya mdadisi. Zirudishe kwenye bahasha moja, usizitawanye tena.