Kuandika kanuni ya maisha ya kikundi: mistari minne inatosha

Kanuni ya maisha ni maandishi mafupi ambamo Wakristo wachache wanakubaliana namna watakavyosali, watakavyosoma Neno, watakavyopumzika na kuwahudumia wengine. Si jambo geni. Kanisa la kwanza lilidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali (Matendo 2:42). Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa wake kanuni ya sura 73, na katika sura ya mwisho akaiita kanuni ndogo ya wanaoanza.

Kanuni ya kwanza ya kikundi chetu ilitushinda. Ilikuwa na mistari 14, mmoja ukitutaka sote tuamke saa kumi alfajiri kusali. Dada mmoja alikuwa ananyonyesha. Hakulalamika, alianza kukosa vikao, kisha akaacha kuja. Tulimtwika mzigo bila kuuliza kama anaweza kuubeba, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hatua ya 1: Simulianeni wiki zenu. Watu watatu hadi wanane wanatosha. Kabla ya mtu kupendekeza lolote, kila mmoja aeleze wiki yake ilivyo kweli: anaamka saa ngapi, nani anafanya kazi usiku, nani anauguza mzazi. Kikao kizima kiishie hapo.

Hatua ya 2: Orodhesheni mnachofanya tayari. Hata kama ni kusali kabla ya kulala tu. Mnaanzia hapo.

Hatua ya 3: Andikeni mistari, isizidi minne. Hapa msiharakishe. "Tutakuwa watu wa maombi" ni maneno mazuri, lakini jioni huwezi kujua kama umeyashika. Linganisha na huu: "Kila siku, kabla ya kushika simu, ninasoma zaburi moja kwa sauti na kukaa kimya dakika tano." Unajua lini, nini na kwa kiasi gani.

Kisha someni kila mstari kwa macho ya mwenye hali ngumu kuliko wote. Sura ya 64 ya kanuni ya Benedikto inamwagiza abati, yaani mkuu wa watawa, apange mambo ili wenye nguvu wabaki na cha kutamani na wanyonge wasiwe na cha kukimbia. Tulipoandika upya, tulimfuata yule dada nyumbani kwake, tukamwomba radhi, tukampa kalamu. Akaongeza: "au mistari miwili tu ya zaburi, mtoto akiwa kifuani." Maneno hayo yamo mpaka leo, na wengi wetu tumeyahitaji, hata tusio na watoto.

Angalieni pia msiandike sala peke yake. Kanuni za John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, za mwaka 1743 zilikuwa tatu: kutotenda uovu, kutenda mema, na kushika taratibu za ibada. Sisi tulikuwa tumemsahau jirani kabisa. Sasa mstari wetu wa tatu unasema kila wiki tumtembelee mtu mmoja mgonjwa au mpweke.

Hatua ya 4: Jaribuni siku 40. Msiweke nadhiri. Katika sura ya 58 ya kanuni ya Benedikto, anayetaka utawa anasomewa kanuni baada ya miezi miwili, tena baada ya sita, tena baada ya minne, ndipo anapokelewa. Nanyi jipeni muda. Mwonyesheni pia mchungaji au padri wenu.

Hatua ya 5: Ulizaneni. Sisi hukutana kila baada ya wiki mbili. Hatuulizi "Umeshika?" kwa sababu swali hilo huwafundisha watu kusema ndiyo. Tunauliza: "Mstari upi umekuwa mgumu?" Kiongozi hujibu wa kwanza. Mtu akimaliza kusema tunanyamaza kidogo, kisha aliye kuliani kwake anamwombea kwa jina. Ushauri hautolewi mpaka yeye auombe, na yaliyosemwa hayatoki nje. Aliyeshindwa wiki zote mbili hatozwi adhabu yoyote. Mungu anampenda sawa na anavyotupenda sisi wengine. Anaanza tena kesho yake asubuhi.

Hatua ya 6: Isomeni upya kila mwaka. Mstari uliokuwa mzigo kwa wengi upunguzeni au ufuteni. Anayetaka kutoka aombewe na aachwe aende kwa amani. Andikeni tarehe juu ya karatasi mpya, na ile ya zamani muitunze.